Mashine ya Kufyeka: Mlinde Jirani Kabla ya Kuiwasha



Siku hizi mvua ndefu ikishapiga wiki mbili hivi, ukipita Lurambi, Shinyalu au Malava utasikia ngurumo ya mashine za kufyeka, zile za petroli ambazo mtu hubeba kwa mkanda begani. Sehemu yetu ya Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyasi hazingoji mtu. Kazi ambayo vijana wanne walikuwa wakifanya kwa slasha kutwa nzima, mashine moja huimaliza asubuhi. Ndiyo sababu vikundi vingi vimechanga pesa za mzunguko vikanunua mashine, na sasa vinafyeka viwanja vya shule, makanisa, kando za barabara na hata boma la mtu anapokuwa na matanga. Ni mapato mazuri, na tunawapongeza.

Lakini wacha nianze na jambo ambalo sipendi kulisimulia. Tulikuwa tunasafisha uwanja wa kanisa letu kabla ya sherehe ya mavuno. Mashine yetu ilikuwa na kisu cha chuma cha meno matatu. Kisu hicho kilikuwa na ufa karibu na jino moja, tukakipeleka kwa fundi wa jua kali akakichomelea. Mimi ndiye niliyesema kisu kipya ni gharama ya bure. Kijana wetu akaanza kazi. Baada ya nusu saa hivi, kisu kikagonga kigingi cha chuma cha kufungia ng'ombe, ambacho mtu alikisahau ndani ya nyasi. Jino likakatika pale pale palipochomelewa. Hatukuliona likienda. Tulisikia tu "paa!", na tulipoangalia tukakuta tundu kwenye ukuta wa mabati wa jikoni, kimo cha kifua cha mtu. Akina mama walikuwa wametoka humo dakika chache tu zilizopita, wamebeba chai.

Hakuna aliyeumia siku hiyo. Lakini nilijifunza jambo moja, na ndilo nataka mlishike. Panga likiteleza, mara nyingi humkata aliyelishika. Hii mashine inaweza kumwumiza mtu ambaye hata hajui kama kuna kazi inaendelea. Kwa hivyo usalama wake si ujasiri wa yule anayeibeba. Ni jukumu la kikundi kizima.

NGUVU YA KISU

Kisu cha kawaida kina upana wa sentimita 25 na nusu. Kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Matatu ya kwenda Kisumu hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Basi ncha ya kisu inakimbia mara nne ya matatu hiyo. Jiwe dogo, kipande cha chupa au msumari ukiguswa na kitu kama hicho hugeuka risasi.

Jambo la pili ni teke la mashine. Ukiwa umeishika, kisu huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Fikiria kisu ni uso wa saa, na saa 12 ya uso huo iko mbele yako. Kile kipande cha kati ya 12 na 3, yaani mbele upande wa kulia, ndicho cha hatari. Kikigonga kisiki au jiwe kwa upande huo, mashine hurushwa kwa ghafla kuelekea kulia na nyuma, na inaweza kukuzungusha wewe mzima. Hakuna mkono wenye nguvu ya kuizuia. Mtu aliyesimama karibu nawe ndiye atakayekutana na kisu.

KABLA YA KUWASHA

Tembeeni uwanja mzima kwa miguu kwanza. Si mtu mmoja. Watu wawili au watatu, wakiwa na fimbo za kupekua nyasi. Katika boma zetu tafuteni hasa vitu hivi: vigingi vya ng'ombe na kamba zake, waya za ua wa zamani, mawe ya mpaka, visiki vya mapera na mikaratusi, chupa, majembe yaliyosahaulika, na kingo za saruji za makaburi. Kinachoweza kutolewa kitolewe. Kisichoweza kutolewa, kama kaburi au jiwe la mpaka, kiwekewe kijiti kirefu chenye kitambaa chekundu, na karibu nacho mtumie slasha ya mkono. Usione haya kutumia slasha. Kupekua huko pia kutawafukuza nyoka.

Halafu pimeni mita 15 kila upande wa mahali pa kazi. Anayejua mpira afikirie boksi la penalti: kutoka mstari wa goli hadi mwisho wa boksi ni mita 16 na nusu. Ndani ya umbali huo asiwe mtu, mtoto, wala mnyama. Kama kuna mashine mbili, nazo ziwe mbali hivyo hivyo. Karibu na madirisha ya shule au barabara ya watu wengi, ongezeni umbali, au mfyeke wakati ambapo watu hawapo.

Mchagueni mlinzi. Huyu hana kazi nyingine ila kuzuia watu wasiingie. Mwendeshaji amefunika masikio, hasikii. Mtoto anayeleta maji, mama anayekuja na chai, mzee anayetaka kusalimia, wote hupitia kwa mlinzi. Mlinzi naye asimwendee mwendeshaji kwa nyuma na kumgusa bega, maana atageuka na kisu kikigeuka naye. Apite mbali, atokee mbele mahali anapoonekana, ainue mkono, angoje mashine izimwe.

MAVAZI YA KAZI

Mkipanga bajeti ya mashine, bei ya mavazi iwe ndani yake. Mkisema tutanunua baadaye, hamtanunua. Yanayohitajika ni haya:

1. Kinga ya uso, na ndani yake miwani ya kazi ya kukinga macho. Miwani ya jua haitoshi, inaweza kupasuka na vipande vikaingia jichoni.
2. Kinga ya masikio. Mashine nyingi hutoa kelele ya karibu desibeli 100. Kelele inayozidi 85 kwa kazi ya kutwa huharibu masikio polepole, na kusikia kukipotea hakurudi.
3. Gambuti ngumu au buti za ngozi, zikiwa na chuma kwenye vidole ni bora zaidi. Malapa yasionekane kabisa.
4. Suruali ndefu nzito, na kinga ya miguu ya mbele kutoka gotini hadi kifundoni.
5. Glavu zinazoshika vizuri.
6. Helmeti kama mnakata vijiti virefu vinavyoweza kuangukia kichwa.

Dada akitaka kuendesha, na wako wanaoendesha vizuri kuliko wanaume, avae suruali, aweke leso kando na afunge kitambaa cha kichwa bila ncha zinazoning'inia. Huku si kukosa heshima. Ni kuheshimu uhai ambao Mungu amempa.

Mkanda wa begani ni sehemu ya usalama. Unashikilia mashine ili kisu kisifike miguuni. Urekebishwe mpaka kisu kiwe sambamba na ardhi bila wewe kuinama. Na kila mwendeshaji afanye mazoezi ya kuufungua kwa haraka, mashine ikiwa imezimwa, mpaka aweze kuufungua hata akifumba macho. Moto ukitokea hakuna muda wa kutafuta kifungo.

PETROLI NA OILI

Mashine nyingi ndogo hutumia petroli iliyochanganywa na oili maalum ya injini za aina hiyo. Fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kama kimesema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kwa lita 5 ni mililita 100. Kama kimesema 25 kwa 1, ni mililita 40 kwa lita. Msikisie kwa jicho. Nunueni bomba jipya la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa za mifugo, mlitumie kwa oili peke yake, na mliandike hivyo lisirudi kwa ng'ombe. Kuna mashine zingine ambazo oili huwekwa mahali pake kama ya pikipiki, hizo msizichanganyie.

Injini ipoe kwanza kabla ya kuongeza petroli. Kuna wale husema wanaokoa muda kwa kujaza ikiwa moto. Siku tone moja litakapoangukia ekzosi ndipo watajua. Mkishajaza, futeni yaliyomwagika, funga kifuniko, na msogee angalau mita 3 kutoka hapo kabla ya kuwasha. Sigara iwe mbali kabisa.

Petroli isilale ndani ya nyumba penye jiko au koroboi. Na tafadhali, isiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma harufu. Akiwahi kuinywa, msimtapishe, maana ikipanda tena huingia kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali.

KUWASHA NA KUFYEKA

Weka mashine chini mahali tambarare, kisu kisiguse kitu. Ishikilie kwa nguvu kwa mkono wa kushoto, vuta kamba kwa wa kulia. Usiwashe ikiwa inaning'inia begani. Injini ikishatulia bila kuongezwa mafuta, kisu kinapaswa kusimama. Kama bado kinazunguka, mashine ni mgonjwa: zima, peleka kwa fundi arekebishe mwendo wa chini au klachi. Usiseme "nitaenda nayo hivyo hivyo".

Kinga ya plastiki iliyo juu ya kisu isitolewe. Kuna vijana huitoa ati nyasi zinanasa. Hiyo ndiyo inayozuia mawe yasikurukie tumboni.

Kata kwa kupeleka kisu kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayetumia fyekeo, ukitumia upande wa kushoto wa kisu. Unaporudisha kulia, usikate. Piga hatua ndogo, kisha rudia. Usinyanyue kisu juu ya kiuno. Kwenye miteremko, na sisi tunayo mingi, tembea ukikatiza mteremko, usipande wala kushuka nao. Nyasi zikiwa na maji mengi baada ya mvua, ngojeni kidogo, kwa sababu miguu huteleza.

Kila kazi na kisu chake. Nyasi laini karibu na ukuta au maua, tumia kichwa cha kamba ya nailoni. Nyasi ngumu, nepia iliyozeeka na yale maua ya amalulu, tumia kisu cha meno matatu. Vichaka vyenye shina la mti vinataka kisu cha mviringo chenye meno mengi kama msumeno, pamoja na kinga yake. Mti mkubwa si kazi ya mashine hii, chukueni shoka.

Nyasi zikinasa, usiingize mkono wala mguu. Zima injini, ngoja kisu kisimame kabisa, kwa maana huendelea kuzunguka hata baada ya kuachilia mafuta. Kisha vua kofia ya plagi. Hapo sasa unaweza kugusa.

Dakika 30 zikiisha, pumzika au mpe mwenzako. Mtetemo hufanya vidole vife ganzi, na mtu aliyechoka huanza kukata kwa ule upande wa teke. Aliyekunywa busaa au chang'aa, hata kidogo, asiguse mashine siku hiyo.

KISU KIKIHARIBIKA

Hapa ndipo tuliposhindwa sisi, basi sikilizeni vizuri.

Kila asubuhi, na kila mara kisu kinapogonga kitu kigumu, zima, vua kofia ya plagi, futa kisu na ukiangalie kwenye mwanga wa jua. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, kisu hicho kimekufa. Usikichomelee. Joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma, na pale palipounganishwa ndipo patakapokatika. Kilichopinda usikinyooshe kwa nyundo. Kilichokufa kikunjwe au kikatwe vipande, asije mwingine akakiokota akakitumia.

Pia msitengeneze kisu kwa springi ya gari au panga kuukuu, wala msifunge minyororo mahali pa kisu. Mwaka 2010 huko Uingereza mtu alikufa kwa ajali ya kifaa cha namna hiyo cha minyororo, na mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku vifaa vya vyuma vilivyounganishwa hivyo kwa mashine za kubeba. Kama ni hatari kule, hata Kakamega ni hatari.

Kunoa, tumia tupa bapa, na kila jino lipigwe idadi ile ile ya mipigo. Jino moja likiwa jepesi kuliko mengine, mashine hutetemeka na nati hulegea. Na mjue kwamba katika mashine nyingi nati ya kisu hufunguka kinyume cha nati zingine: hufunguliwa kuelekea upande wa mishale ya saa. Wengi wameiharibu kwa kufikiri wanafungua kumbe wanakaza. Nati ikishalainika na kuzunguka kwa vidole tu, nunueni nyingine.

MTU AKIUMIA

Damu ikitoka nyingi, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia ili uchungulie. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Mlaze mtu chini. Msiweke udongo, kahawa, mafuta ya taa wala majivu. Kidole kikikatika, kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, mkiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo muuweke juu ya maji baridi au barafu. Barafu isiguse kidole chenyewe. Kipelekeni pamoja na mgonjwa.

Kitu kikiingia jichoni, msisugue wala msikivute. Funikeni jicho kwa kikombe safi kisichobonyeza, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali Kuu ya Kaunti iko hapa mjini Kakamega, na wenzetu wa upande wa kusini wako karibu na Hospitali ya Macho ya Sabatia, kule Vihiga. Kwa jeraha lolote, ulizeni kuhusu sindano ya pepopunda.

Kabla ya kazi kuanza, mjue tayari ni pikipiki au gari la nani litakalobeba mgonjwa.

SHERIA ZA KIKUNDI

Vikundi vinavyofanya vizuri huwa na mambo haya: waendeshaji wawili au watatu waliofundishwa, majina yao yameandikwa, kitabu cha mashine cha kuandika tarehe, saa za kazi na kila kilichorekebishwa, na sehemu ya kila malipo inayowekwa kando kwa visu, plagi na mavazi. Mashine haikopeshwi mtu bila mwendeshaji wake, hata akiwa shemeji ya mwenyekiti. Mashine haijui undugu.

Kumbukeni pia kwamba kikundi kikimwajiri kijana, kina wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza, na kuna sheria nyingine ya mwaka huo huo kuhusu fidia kwa anayeumia kazini. Hivyo kumwambia kijana "jinunulie gambuti" si haki mbele ya Mungu wala mbele ya serikali.

NENO LA MWISHO

Kumbukumbu la Torati 19:5 inatueleza habari za mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata kuni. Shoka likachomoka kwenye mpini wake, likampiga jirani akafa. Mtu yule hakuwa na chuki. Torati ilimwekea mji wa kukimbilia, lakini jirani hakurudi nyumbani. Kila nikiona lile tundu kwenye bati la jikoni nakumbuka habari hiyo. Tumelikataa wazo la kuliziba. Limebaki pale, na kila kijana anayejifunza mashine tunampeleka kuliangalia kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kisu chetu kiliangaliwa mara ya mwisho lini, na nani?
2. Ni nani mlinzi wetu, na anajua kazi yake?
3. Petroli yetu inalala wapi usiku?
4. Mtu akiumia kesho asubuhi, tutampelekaje hospitali?
5. Tunaweza kununua kifaa gani cha kujikinga mwezi huu kabla ya kazi inayofuata?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na awarudishe nyote nyumbani jioni mkiwa wazima.